Mwanangu, Kisahani Namba 4117

Mwanangu Mwatumu ana vyeti viwili. Cha kwanza alikipata alipozaliwa, na kinasema ni mtoto wa kike, uzito kilo tatu na robo. Cha pili alikipata akiwa na miaka kumi na minne, katika nchi ya Mng'aro, na kinasema ni kisahani cha kioo, kipenyo sentimita thelathini na nane, kimo sentimita mia moja hamsini na mbili, hakina mfuniko. Kina mhuri na nembo. Chini ya nembo kuna alama ya dole gumba, na dole hilo ni langu.

Naandika haya ili mama mwingine akiwekewa karatasi kama ile mezani, aijue kabla hajaigusa.

Jambo lilianzia gotini. Mwatumu alirudi kutoka kwenye mchezo wa rede akichechemea, nikamkanda kwa maji ya chumvi, nikamchua kwa mafuta, uvimbe haukushuka. Hospitali wakampiga picha, wakatoa kinyama kidogo wakakipima. Daktari Nsajigwa, mwanamke mpole asiye na maneno mengi, akaniita ofisini kwake. Akasema uvimbe ni mbaya, ila tumeuwahi. Mtoto atawekewa dripu kwa wiki kadhaa, halafu watamfanyia upasuaji wa kuutoa uvimbe, na mguu utabaki. Akanipa tarehe. Na hakunificha kitu: mtoto atatapika, nywele zitadondoka, na kila siku watampima mkojo, maana dawa ile isipoangaliwa huumiza figo.

Mimi niliposikia figo, sikusikia tena lile la mguu kubaki.

Jioni ile kwenye kundi letu la simu la akina mama, mtu akatuma ujumbe wa sauti. Iko nchi inaitwa Mng'aro, alisema, wanatengeneza dawa za metali, hazitapishi, hazinyonyoi nywele, na ukiziona tu unajisikia nafuu. Akaambatisha picha: chupa zimepangwa dirishani, za bluu, za zambarau, za kijani, za machungwa, jua linapita ndani yake. Niliitazama picha ile mara nyingi kuliko nilivyotazama picha ya goti la mwanangu. Siku tatu kabla ya tarehe ya daktari tulikuwa Mng'aro.

Tulivyofika si hoja. Anayetaka kufika kule hufika, kuna mlango kila upande.

Kitu cha kwanza anachokiona mgeni ni kwamba hakuna mkubwa anayetembea peke yake. Mkubwa wao anaitwa Kiini, na sheria inamtaka awe na washikaji sita muda wote: mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja kila ubavu, mmoja amemkalia mabegani, na mmoja chini, amembeba. Ndivyo wanavyokwenda sokoni, ndivyo wanavyokwenda msibani. Joho la Kiini hubadilika rangi kulingana na wanaomshika. Akishikwa na watu wanene linakuwa bluu. Ukitoa mmoja ukaweka mwembamba, linaelekea kijani. Na kila linapobadilika, kengele hupigwa mjini na magazeti hutangaza kwamba tumepata Kiini mpya. Mtu ni yuleyule.

"Mama," Mwatumu aliniuliza, "yule wa chini anapumua kweli?"

Aliyemjibu ni karani aliyetupokea, Bwana Sajili, kijana nadhifu mwenye kalamu nne mfukoni. "Hapumui sana, mdogo wangu. Lakini bluu yote ile ni ya kwake."

Dawa zao nazo hutengenezwa hivyohivyo. Katikati wanaweka chembe ya metali, ya shaba, ya chuma, ya kobalti, ya nikeli, kisha wanaizungushia vitu vingine vinavyoishika kama mikono. Wakibadilisha mkono mmoja rangi inageuka, na ikigeuka wanasema ni dawa mpya. Inapewa jina na inaandikiwa kitabu. Bwana Sajili alitupitisha kwenye maktaba. Vitabu vya shaba peke yake vilijaza kuta mbili, kuanzia sakafuni mpaka darini.

"Vyote hivi ni dawa?" nikauliza.

"Vyote, mama."

"Vimeponya watu wangapi?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa ni mihogo mingapi imo ndani ya redio. "Mama yangu, kitabu hakiponyi. Kitabu kinahesabiwa."

Mkubwa kuliko wote kule ni Kiini Mkuu Tukuza. Shingoni amevaa nishani ya Kichocheo, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa Mng'aro. Nilielezwa kwamba kichocheo ni kitu kinachofanya mambo yatokee haraka, chenyewe kisibadilike hata kidogo. Kinaingia kazini na kutoka kama kilivyokuwa. Kule kwenye vyungu vyao vya maabara, neno hilo lina maana yake na faida yake. Lakini wao wamelitoa kwenye chungu wakalivisha mtu. Kiini Mkuu ana miaka thelathini ofisini na hajabadilika jambo hata moja, wala wazo wala jibu, na kila mwaka anaongezewa nishani kwa ajili hiyo.

"Na ni mambo gani yaliyotokea haraka kwa sababu yake?" nilimuuliza Bwana Sajili.

"Mikutano," alisema.

Siku ya pili tuliruhusiwa kuhudhuria Baraza la Majaribio. Dawa iliyokuwa ikisikilizwa iliitwa Alfajiri, kijani ya kung'aa, ndani ya chupa nyembamba. Wajumbe walijadili saa mbili na nusu. Upande wa kulia walishikilia kwamba kijani ile ni ya jani la mgomba. Upande wa kushoto wakasema ni ya ganda la ndimu, na anayesema mgomba hajawahi kuuona mgomba. Mzee mmoja alilia. Mwingine akamwambia, "Wewe miaka ile uliita zambarau urujuani, tukakusamehe, leo tena umekuja na mgomba!" Mwisho wakapiga kura, ikawa mgomba wenye mwelekeo wa ndimu.

Ndipo likaja jaribio lenyewe. Kisahani kidogo cha kioo kililetwa juu ya mto wa hariri. Ndani yake kulikuwa na utando wa kijivu, na wakasema huo ndio ugonjwa. Kiini Mkuu, akiwa na wote sita, akadondosha tone moja la Alfajiri. Tukangoja. Utando ukasinyaa, ukakatika vipandevipande, ukaisha. Kengele ikalia. Ukumbi mzima ukasimama ukisema, "Kimepona! Kimepona!" Kisahani kikafungwa utepe, kikapitishwa barabarani juu ya gari la wazi, na watu wakakipungia mkono.

Nikanyoosha mkono wangu.

"Samahani, mheshimiwa. Huo ugonjwa mlioutia kisahanini, ulitoka kwa mtu?"

"Ulitoka kwa bwana mmoja," akasema Kiini Mkuu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya taratibu.

"Anaendeleaje?"

"Alifariki miaka arobaini iliyopita. Ila ugonjwa wake haujambo kabisa. Tunaulisha vizuri."

"Na kama ningemwagia maji ya moto pale kisahanini, huo utando usingekufa?"

Washikaji wakatazamana. Kiini Mkuu akafikiri sana, na joho lake likatembeza rangi tatu.

"Maji ya moto," alisema hatimaye, "hayana rangi."

Wakampigia makofi mpaka yule wa mabegani akakaribia kuanguka.

Nikauliza tena kama dawa imewahi kupewa hata panya. Hilo lilijibiwa na mjumbe wa pembeni, kwa uchungu. Zamani sheria iliwataka waanze na panya, alisema, kabla ya binadamu. Lakini panya hakuwa mshirika mzuri. Alikuwa akipewa dawa anakufa, na akifa anaharibu kitabu kizuri. Baraza likamwondoa kwenye sheria kwa utovu wa nidhamu.

Sasa nisemeni mimi. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu. Usiku ule chumbani tulicheka na Mwatumu mpaka akashika ubavu, akawa anaiga, "Maji ya moto hayana rangi!" Na bado kesho yake nilikwenda dirishani kwa Bwana Sajili nikaomba Alfajiri. Kijani ile ilinikaa. Niliona dripu ya daktari, mtoto anatapishwa, ananyolewa na dawa, anapimwa mkojo kama mgonjwa wa kufa. Halafu naona chupa inang'aa kama kitu cha harusi. Nikajiambia, wajinga pia wanaweza kubahatisha.

"Kuna tatizo dogo," alisema Bwana Sajili. "Alfajiri imethibitishwa kwa kisahani. Sheria hairuhusu mtu apewe dawa ya kisahani. Sisi ni nchi ya sheria."

"Basi haiwezekani?"

"Inawezekana sana. Hairuhusiwi kupewa mtu, kwa hiyo tunamwandikisha mtoto kuwa kisahani. Ni siku kumi na moja tu, kuna foleni."

Foleni ilikuwa kweli. Mbele yetu alikuwepo baba na kijana wake, na mzee mmoja aliyekuja kujiandikisha mwenyewe, amevaa suti. Tarehe ya Daktari Nsajigwa ilipita tukiwa namba hamsini na tatu. Siku ya kumi na moja walimpima Mwatumu kwa futi ya kamba, wakamgonga bega kwa kijiko wasikilize mlio, wakaandika.

Nikatoa kalamu. Bwana Sajili akaisukuma kando kwa kidole.

"Wazazi hutumia dole, mama. Sahihi inampa mtu nafasi ya kusoma."

Sitaki mtu aseme sikujua kusoma. Najua. Nililiona neno kisahani, limeandikwa mara sita. Nilidhani ni lugha ya kiofisi, kama wanavyoandika "mlengwa" au "mnufaika" na wewe unajua wanamsema mtu. Nikaweka dole.

Tone la kwanza lilitiwa mchana huohuo. Mwatumu alilazwa juu ya meza nyeupe, na mimi nikasimamishwa nyuma ya mstari mwekundu uliochorwa sakafuni, hatua nane kutoka kwake. Hazikupita dakika nne kucha zake zikageuka kijani, za mikono na za miguu. Kengele ikalia. "Kimeitika! Kimeitika!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Mwatumu aliinua vidole vyake akavitazama, akasema, "Mama, nimekuwa mjusi," nao wakaandika kwamba kisahani kimetoa mlio wa kuridhika.

Wakawa wanamtia tone kila baada ya siku mbili. Tone la tatu alianza kutapika. La tano goti lilikuwa la moto, ngozi imevutika inang'aa, hawezi kulikunja. La nane hakutaka kuongea. Nikaenda dirishani.

"Bwana Sajili, mwanangu anaumwa."

"Yupi?"

"Mwatumu. Kwani una wangapi wanaoitwa Mwatumu?"

Akafungua daftari, akapitisha kidole. "Sina Mwatumu. Labda unamaanisha 4117."

"Haya, huyohuyo. Anatapika, goti limeongezeka."

"Visahani havitapiki, mama. Humwaga." Akaandika: kimemwaga. "Na rangi?"

"Rangi gani tena?"

"Ya kucha."

"Kijani."

"Basi hakijambo."

"Nataka nimchukue mwanangu niende zangu."

Akaweka kalamu chini, akaunganisha mikono. Sikumwona hata mara moja akinikasirikia, na hilo ndilo linalonitia hofu mpaka leo. "Wewe ni nani wake?"

"Mama yake!"

"Kisahani hakina mama," alisema, kwa upole kama anayemfundisha mtoto kusoma saa. "Kingekuwa na mama ungekuwa na haki zote, kabisa, hata mimi ningekusaidia. Lakini uliweka dole."

Halafu akaniambia habari aliyodhani ni njema. Kesho ni Sikukuu ya Rangi. Kiini Mkuu ameona kijani ya 4117 imepauka kidogo, na wageni wanakuja. Kwa hiyo kesho asubuhi 4117 hakitatiwa tone. Kitapewa kikombe kizima, kwa mkono wa Kiini Mkuu mwenyewe, kisha kitafunikwa mfuniko wa kioo, tayari umetengenezwa kwa kipimo chake.

Sikumbuki nilivyotoka pale. Nilijikuta nyuma ya jengo, kwenye karo ndefu ya kuoshea vyombo. Mwanamke wa makamo alikuwa amechutama anasuuza visahani, kimoja kimoja, mikono imebabuka kwa sabuni kali. Huyo ndiye Bi Suuza. Hakuwa na kiini wala mshikaji, na koti lake halikuwa na rangi yoyote.

"Kalie ndoo hiyo dada, usianguke," alisema. "Una mtoto ndani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa dole?"

"Kwa dole."

Akasuuza kingine. "Wote kwa dole."

"Dada yangu, kisahani kinatokaje humu?"

"Njia mbili. Kikipona, kinawekwa kabatini."

"Kabatini?"

"Na mfuniko wake. Kabati ni refu, sijawahi kuona mwisho wake." Akashusha sauti, si kwa kuogopa, nadhani ni kwa heshima ya waliomo. "Njia ya pili ni kuchafuka. Mtu akipiga chafya juu yake, akikishika kwa mkono mtupu, akikipumulia, hapohapo kinatupwa, hakuna anayeuliza. Unaona mlango ule wa mfereji? Dakika moja nyingi. Wanaogopa kitaingia kitabuni na uchafu wake, kitabu chote kiharibike. Kisahani kikifa wanaandika vizuri tu. Ila uchafu, wee!"

"Wanaogopa uchafu gani zaidi?"

Bi Suuza akanitazama juu mpaka chini, akacheka kidogo. "Unafikiri ule mstari mwekundu waliuchora kwa ajili ya nani? Wanaogopa mate ya mama."

Asubuhi ukumbi ulipambwa. Wageni walikaa mbele, kila mmoja na washikaji wake, ikawa huwezi kujua nani kashikwa na nani kashika. Mwatumu alikuwa juu ya meza nyeupe, macho kayafumba, matapishi ya jana yamemkaukia pembeni ya mdomo maana hakuna mtu anayepangusa kisahani. Mfuniko ulining'inia juu yake kwa kamba. Kiini Mkuu Tukuza aliingia na wote sita, joho limewaka kijani, mkononi kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Akaanza hotuba. Alisema Mng'aro haijabadilika na haitabadilika.

Nikavuka mstari.

Nilitembea, sikukimbia. Hatua ya tano mtu akasema, "Mama, mstari!" Ya saba wakasema kwa pamoja. Nikafika mezani. Nikatia dole gumba mdomoni, lilelile dole, nikalilowesha vizuri, nikampangusa mwanangu pembeni ya mdomo. Nikachukua ncha ya kanga nikaitemea, nikampangusa na paji la uso. Kisha nikamkumbatia na kumpumulia shingoni kama nilivyokuwa nikifanya akiwa na miezi minne.

"Kimechafuka!" mtu alipiga ukelele. "Mate! Mate!"

Sijawahi kuona watu wazima wanaogopa vile. Wageni walipanda juu ya viti. Washikaji wa Kiini Mkuu walihitaji mikono ya kuziba pua, kwa hiyo wakamwachia, mbele, nyuma, kulia, kushoto. Wa mabegani akaruka. Wa chini akasimama wima, akavuta pumzi ndefu ambayo naamini alikuwa akiidai tangu ujana wake, akaondoka kwa kupitia mlango mkubwa bila kuaga. Na lile joho likaisha rangi palepale, kama nguo iliyofuliwa miaka. Pale katikati alibaki mwanamume mdogo, mwenye miguu myembamba, hajui kusimama. Kikombe kilimponyoka.

"Nishikeni!" alikuwa akisema. "Jamani, nishikeni!"

Bwana Sajili peke yake hakupoteza utaratibu. Alifungua daftari, akapiga mstari juu ya 4117, akaonyesha mlango wa mfereji kwa kalamu. Nilimtegemeza Mwatumu begani, tukatoka, anachechemea lakini anakanyaga. Bi Suuza alikuwa ameshaondoa komeo.

Tulipofika nje kwenye maji machafu, Mwatumu akafungua macho. Maneno yake ya kwanza baada ya siku mbili yalikuwa haya: "Mama! Umenipaka mate mbele za watu!"

Nikamwambia anyamaze nisije nikampaka tena.

Daktari Nsajigwa hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alizitazama kucha za kijani, akaweka picha mpya kwenye taa karibu na ile ya zamani, akazitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Akasema uvimbe umevuka mpaka. Mwezi uliopita ungetolewa peke yake. Sasa utatoka na mguu, kutoka juu ya goti.

Kabla ya hapo ilibidi dripu ianze. Muuguzi alitundika chupa, nikaiangalia: maji matupu, hayana rangi hata chembe. Nikamuuliza daktari kilichomo.

"Kuna metali," alisema. "Inaitwa platini. Katikati platini, pembeni vitu vinavyoishika."

Nikakaa kitini. "Kama za Mng'aro?"

"Ilianzia kwenye kisahani, kama zao. Hakuna ubaya kuanzia pale." Alikuwa akirekebisha matone huku anaongea. "Halafu ikaenda kwa panya. Halafu kwa watu waliokubali, wakielezwa kila kitu. Wengine waliumia figo, wengine walikufa, na wote waliandikwa, mama Mwatumu. Hawakufutwa. Ndiyo maana leo najua nimpe mwanao maji kiasi gani kabla ya dawa, na nipime nini kesho asubuhi."

Mwatumu alitapika kama tulivyoambiwa. Nywele zilidondoka kama tulivyoambiwa. Kila asubuhi nilibeba kikopo cha mkojo wake kwa mikono miwili na sikuona aibu. Figo zilihimili. Sasa ni mwaka na miezi minne, picha za kifua, ambako ugonjwa huu hupenda kukimbilia, ni safi, na mguu wa bandia anaulalamikia kwamba unapiga kelele kama kitanda cha mabweni.

Mwezi uliopita ikaja bahasha kutoka Mng'aro. Ndani kulikuwa na ukurasa uliochapwa vizuri, pembe zake zimepakwa kijani, umekatwa kutoka kitabu kipya cha Alfajiri. Kumbe hawakutufuta, tulikuwa tumetolewa kwenye daftari la uchafu na kurudishwa kwenye lile la ushindi, maana kitabu kilikuwa kifupi. Mwatumu alinisomea kwa sauti.

"Kisahani namba 4117. Kiliitikia dawa ndani ya dakika nne. Kilitoa mlio wa kuridhika. Kiliondoka chenyewe, kwa miguu yake yote miwili."

Mimi nilikuwa nimeshajifunika uso kwa kanga.

"Sasa unalia nini? Si uongo, niliondoka nayo miwili." Akageuza karatasi. "Kuna na fomu huku. Wanataka tujaze. Rangi ya kucha kwa sasa. Kipenyo. Mfuniko upo au haupo. Halafu chini, dole la mtunzaji."

Akaomba kalamu. Kwenye rangi ya kucha akaandika: za kawaida, nazikata Ijumaa. Kwenye kipenyo akapiga mstari. Kwenye mfuniko akaandika: haupo, nimechafuka. Kisha chini kabisa, mahali pasipoulizwa kitu, akajichorea mstari wake mwenyewe kwa rula, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: MIGUU, MMOJA. MUUANDIKE.

Akanisogezea fomu pamoja na kidau cha wino walichokituma, kijani kama mgomba wenye mwelekeo wa ndimu. Nilinyoosha dole kwa mazoea. Akanipiga kofi mkononi.

"Kalamu, mama."

Nikaisoma karatasi ile kuanzia juu mpaka chini, nikaigeuza nikasoma na nyuma. Hakunihimiza. Ndipo nikaandika jina langu lote, na mbele yake, palipoandikwa mtunzaji, nikakata neno hilo nikaweka: mama yake.